Paa Lililotandazwa Chini

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya visigino. Mzee Mafuru, ambaye ndiye angenifundisha kazi, alivitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama nina vingine. Nikasema sina. Akafungua kabati la mafaili, akatoa mabuti ya mvua ambayo hata yeye mwenyewe yalikuwa yanampwaya, akayaweka mbele yangu. "Bima iko kwenye matope, mama," akasema. "Humu ofisini kuna chai tu."

Naandika haya kwa ajili yenu mliobaki kwenye chumba kile cha Musoma, chenye feni inayozunguka ikipenda. Siku ya kuniaga mlisema mngependa kujua tulivyokuwa tukifanya kazi, nikawaona wawili wenu mnachekea pembeni mkidhani nitasimulia vyeo na semina. Msihofu. Semina zote ni moja: chupa ya maji, kalamu, na msemaji wa mwisho anayeahidi kuwa mfupi. Mimi nataka kuwasimulia juu ya upepo, na juu ya mashine ya kusaga ya akina mama wa Butiama ambayo nusura ichukuliwe.

Ninyi mnajua kazi yetu, lakini wengine watakaosoma hawaijui. Mama yangu mzazi, pale Nyegina, mpaka anaingia kaburini aliamini kwamba mimi ndiye ninayewalipa watu wakipata hasara, na kwamba siwalipi kwa sababu ya ubahili niliorithi upande wa baba. Nilimweleza mara nyingi. Sisi hatuuzi bima wala hatulipi fidia. Tunamsimamia aliyeuza, ili siku mteja wake akipatwa na baya, ile ahadi aliyoitoa akiwa anatabasamu aitimize hata kama tabasamu limeisha. Mama alisikiliza yote, akaniuliza, "Kwa hiyo hulipi?" Nikasema silipi. Akasema, "Si ndicho ninachosema siku zote."

Vifaa vya Mzee Mafuru vilikuwa futikamba, chaki, kamera ndogo na mwavuli uliovunjika mbavu moja. Mafunzo yake nayo hayakuwa mengi. Alinifundisha kuusoma mkataba wa bima kuanzia nyuma, kwa kuwa ahadi wanaziandika mbele kwa herufi kubwa na masharti wanayasukumia mwishoni. Lakini fundisho lake kubwa lilikuwa kukaa. Tukifika kwa mtu aliyepata hasara, alitafuta kigoda, ndoo au jiwe, akakaa, na chochote alichopewa alikunywa. "Huyu ameshaulizwa na kila mtu ilikuwaje," aliniambia. "Wewe muulize amelala wapi." Mwanzoni niliona anapoteza muda. Baadaye niliona kwamba mtu akishakwambia alikolala, mengine yote anakueleza mwenyewe bila kuulizwa.

Upepo wenyewe ulikuja mchana, wakati Mzee Mafuru amekwisha kustaafu na mimi nimeachiwa kiti chake pamoja na mabuti. Ulitokea ziwani, ukapita Kiriba, ukaiparua Musoma, ukapanda Butiama na kumalizia hasira zake Bunda. Redio zikasema ni kimbunga. Halafu akaja mtaalamu kwenye redio hizohizo, akasema si kimbunga, kwa maana vimbunga ni vya baharini, hii ni dhoruba ya kawaida. Waliokuwa wamelala nje na watoto wao hawakuwa na haja ya kujua inaitwaje.

Kesho yake nilianza na simu. Kila kampuni yenye wateja mkoani Mara niliitaka iniletee orodha ya madai kadiri yanavyoingia, iseme imemtuma mkadiria hasara gani na lini, na dai lolote itakalolikataa initumie sababu kwa maandishi. Kisha tukaweka meza kwenye baraza la ofisi ya kata, tukatangaza redioni: piga picha kabla hujagusa kitu, tunza vipande vilivyoharibika, mkadiria akija muombe kitambulisho, na usisaini karatasi inayosema umeshalipwa na huna dai tena kama hujaelewa unachosaini. Bunda tulimkamata bwana mmoja aliyekuwa akizunguka na kuwatoza watu ada ya kuharakisha malipo. Kitambulisho chake kilikuwa kizuri kuliko changu, nikatamani kumuuliza alikokitengenezea.

Watu wa kisiwa cha Rukuba walivuka kwa boti kuja kuniona. Mitumbwi yao ilikuwa imepasuliwa kwenye mawe na nyavu zimekwenda na maji. Nikawauliza bima ni ya kampuni gani. Wakatazamana. Hawakuwa na bima. Walikuwa wamesikia redioni kwamba kuna mama wa bima, wakaona waje. Niliwapeleka kwa watu wa maafa wa wilaya, nikawaandikia barua, lakini mimi mwenyewe sikuwa na cha kuwapa. Hakuna kitu kigumu katika kazi yetu kama kumwambia mtu aliyekwisha kupoteza kila kitu kwamba hayumo. Wakati mwingine nilikuwa nakwenda nyuma ya ofisi ya kata nikasimama kidogo, halafu narudi mezani.

Mama Nyangeta alikuja kwenye meza hiyo akiwa na barua iliyokunjwa ndani ya kitenge. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama chenye mashine ya kusaga kwenye kijiji kimoja cha Butiama. Nikamwamkia, nikamvutia kiti, nikamuuliza amelala wapi.

"Nimelala kwangu, mwanangu. Nyumba yangu ni ya nyasi. Ule upepo ulikuwa unatafuta mabati tu."

Akanipa barua. Kampuni ilikuwa imelikataa dai lao. Mkadiria hasara, kijana mmoja aitwaye Godfrey, alifika kijijini wiki moja baada ya dhoruba, akakuta jengo la mashine lina paa zima, jipya, linang'aa. Akaandika kwamba hakuona hasara yoyote. Mtu wa kampuni akaongeza kwa lugha ya adabu kwamba dai lenyewe linatia shaka.

"Paa liling'oka au halikung'oka?" nikamuuliza.

"Liling'oka lote. Tulikuwa ndani na wateja, tukaona mawingu."

"Sasa hili jipya limetoka wapi?"

"Si watu walikuja risaga."

Kwa msiojua, risaga ni kazi ya pamoja. Mtu ana shamba la kulima au nyumba ya kuezeka, anaita majirani, wanakuja na vifaa vyao, wanafanya kazi, wanakula na kunywa kwake, wanakwenda. Safari hii hata kuitwa hawakuitwa. Asubuhi baada ya dhoruba walifika wenyewe na nyundo, kwa sababu kijiji kizima kinategemea mashine ile na mvua ilikuwa inarudi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akawakopesha akina mama mabati mapya, kwa masharti kwamba bima isipolipa, mashine inakuwa yake. Wakaezeka. Jioni, mabati ya zamani yaliyopindapinda Mama Nyangeta akawagawia waliofanya kazi, kila mtu na lake. Kwao anayekuja risaga kwenye msiba wa namna hiyo haondoki mikono mitupu.

Kwa hiyo Godfrey alipofika hakukuta tundu wala kipande. Wema wa majirani ulikuwa umefuta ushahidi wote. Na matangazo yangu ya redio, nikakumbuka, yalianza wakati wao wameshamaliza kuezeka.

"Mwenye duka amekwisha kuja mara mbili kuiangalia mashine," akasema. "Akiichukua tunarudi kwenye kutwanga, kama tulivyokuwaga zamani. Mimi bado naweza kutwanga. Hawa wasichana wa siku hizi watakufa."

Nikausoma mkataba wao kuanzia nyuma. Ukurasa wa mwisho ulisema mwenye bima asitengeneze chochote kabla mkadiria hajafika. Ukurasa wa kabla yake ulisema mwenye bima achukue kila hatua ya kuzuia hasara isiongezeke. Yaani ukiezeka umekosa, na ukiacha mashine inyeshewe umekosa vilevile. Nikampigia simu meneja wa kampuni, nikamsomea kurasa zote mbili polepole, nikamuuliza yeye angefuata upi.

Niwe mkweli, hakuwa mtu mbaya. Akaniambia, "Mama, nakubali walitakiwa kuzuia. Ninachouliza ni kama kulikuwa na cha kuzuia. Nikilipa paa ambalo hakuna aliyeliona likiwa chini, kesho wote watadai." Ilikuwa hoja. Kumsaidia mwananchi si kuamini kila anayelia mbele yako. Wapo waliolia vizuri sana kwenye meza ile na mapaa yao hayakuguswa. Tukakubaliana Godfrey arudi, tukapanga siku, na mimi nikaahidi nitakuwepo.

Nikamwambia Mama Nyangeta kazi imekuwa rahisi: ayakusanye mabati ya zamani, tumwonyeshe. Yalikuwa mabati yasiyofanana na mengine, maana miaka yote ya kusaga ilikuwa imeyapaka unga upande wa chini, ukaganda kama lipu, na moja lilikuwa na tundu la bomba la moshi wa injini. Akakunja kitenge, akakikunjua.

"Hiyo haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Nilishatoa. Yale mabati ni asante. Nikienda kwa mtu nimwambie nirudishie, nitakuwa nimemwambia kazi yake si kitu. Halafu siku nikifiwa, nani atakuja kunichimbia kaburi?"

Nilikasirika. Nilimwambia mashine inakwenda na yeye anazungumza habari za asante. Akaniangalia tu kwa upole, na upole wake ukaniudhi zaidi. Nikavaa mabuti ya Mzee Mafuru nikaingia kijijini mwenyewe, nikidhani jina la ofisi litafanya kazi.

Bati lenye tundu la moshi nililikuta kwa Mzee Makuru. Alikuwa ameligeuza mlango wa choo, na lile tundu liko usawa wa macho, ili aliye ndani aone anayekuja. Nikamweleza habari zote, kuanzia dhoruba mpaka mkadiria. Akasikiliza vizuri, akanipa kiti.

"Kwa hiyo serikali inataka mlango wa choo yangu?"

"Kwa siku moja tu, mzee."

"Hili bati nililipwa," akasema. "Nilipanda juu ya ile nyumba na goti langu hili bovu. Mama Nyangeta mwenyewe amekutuma?"

"Hapana. Amekataa kuomba."

"Unaona? Yeye ana akili." Akasimama, akanisindikiza mpaka njiani.

Nyumba zote nilizopita walinijibu hivyohivyo, wengine wakinicheka, wengine wakinipa muhogo. Mabati niliyaona, juu ya mabanda ya kuku, kwenye zizi la ndama, moja limefunika mkaa. Ningeweza kuyapiga picha hapohapo, lakini wiki zile kila kijiji cha Mara kilikuwa na bati lililopinda, na nilijua meneja atasema nini. Nikarudi kwenye jengo la mashine nimechoka, matope mpaka magotini, nikakaa juu ya gunia la mahindi karibu na Mama Nyangeta. Injini ilikuwa inanguruma, akina mama wanapishana na ndoo zao, na ndipo niliposhikwa na huzuni ya kweli, kwa kuwa niliwaona wote siku ambayo haitanguruma.

Aliponiona nimetulia akainama kwenye sikio langu. "Kuomba siombi," akasema. "Lakini kuita risaga naweza."

"Risaga ya nini? Paa limekwisha."

"Kazi ipo. Huyo kijana wa bima anatakiwa aonyeshwe upepo. Mtu akiitwa risaga anakujaga na kifaa chake. Jembe ni lake, anarudi nalo. Na bati ni lake, anarudi nalo."

Siku ya Godfrey nilitangulia kufika. Sufuria zilikuwa jikoni, ugali wa mashine ileile na sato waliotoka Musoma asubuhi. Wakaanza kuja, kila mtu na bati lake kichwani, kwenye vijia vyote, na jua linapiga juu ya mabati yale mpaka macho yanauma. Hakuna aliyekuwa amemkopesha mtu kitu. Kila mmoja alikuja kazini na chombo chake. Wa mwisho alikuwa Mzee Makuru, anachechemea, bati lake bado lina bawaba.

"Nimemwacha bibi hana mlango," akasema. "Fanyeni haraka."

Wakayatandaza chini, kwenye uwanja ulio kando ya jengo, unga juu. Walibishana sana lipi lilikaa wapi, lakini wale waliokuwa wameyang'oa kwenye miti yalikonasa na kuyaokota mashambani walikumbuka. Matundu ya misumari yakafuatana mstari kwa mstari. Lile lenye tundu la moshi likakaa upande wa injini, sawasawa na bomba lilipo. Palikuwa na mapengo machache, ya mabati ambayo upepo ulikwenda nayo moja kwa moja. Godfrey alipofika na viatu vyake vilivyong'arishwa, paa lote la zamani lilikuwa limelala chini, na kando ya kila bati amesimama mwenye nalo.

Aliyazunguka yote taratibu. Kisha akachuchumaa, akaukwangua unga kwa ukucha, akaunusa. Akavuta futikamba, nikamshikia ncha ya pili. Akapima uwanjani, akaingia ndani akapima jengo, akatoka.

"Mbona hamkuniambia haya siku ile?"

"Ulikuja ukaangalia juu, mwanangu," Mama Nyangeta akamjibu. "Ukaingia kwenye gari. Karibu ukae, sato wameiva."

Akakaa. Akala vizuri, na nimsifu kwa hili, akiwa bado anakula alitoa karatasi akamuuliza mmoja mmoja ilikuwaje. Mzee Makuru alimweleza kirefu mpaka mke wake akatuma mtu kuulizia mlango. Ripoti ya pili haikuwa na neno shaka. Kampuni ililipa, mwenye duka akalipwa, na sharti lile la kutogusa chochote tuliwaagiza walirekebishe, wamruhusu mteja kuziba kwa dharura ilimradi apige picha na atunze vipande. Ninyi mnaliona kwenye mikataba ya sasa kama kitu cha kawaida. Mjue limetoka kwenye mlango wa choo.

Jioni ile kila mtu alijitwika bati lake akaondoka. Mama Nyangeta akaja kwangu na bati moja, lililokuwa linafunika mkaa wake mwenyewe. "Na wewe umefanya kazi," akasema. Nikamweleza kanuni: afisa wetu hapokei kitu kutoka kwa mtu mwenye dai, hata muhogo nilioula kijijini nilikuwa nimeuandikia taarifa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema "Haya," ile haya inayofunga mazungumzo, akalirudisha juu ya mkaa. Kanuni ni nzuri, na ninyi msije mkaivunja. Lakini njia nzima ya kurudi Musoma niliuona uso wake, na iliniuma.

Miaka ilipita. Mliniaga, mkanipa saa ya ukutani, nikarudi Nyegina kufuga kuku. Siku moja bodaboda ikasimama nje, na nyuma yake amekaa Mama Nyangeta, mzee kabisa sasa, amelikumbatia bati. Sijui walifikaje salama na upepo ule wa barabarani. Nikamwamkia, nikataka kumpa kiti, akakataa kukaa kwanza.

"Bado uko kazini?"

"Nimestaafu, mama."

"Kweli kabisa? Hakuna ofisi tena?"

"Kweli. Hakuna."

"Haya, shika chako. Siku ile watu wote waliondoka na vyao, wewe uliondoka mikono mitupu. Nimekuwaga nakufikiria."

Nililia mbele ya mwenye bodaboda, na sikuona aibu. Ndipo akakubali kukaa, tukanywa chai.

Bati hilo ndilo paa la banda langu la kuku. Unga bado umeganda upande wa chini, kuku wanaudonoadonoa wakipanda kulala. Mvua ikinyesha linavuja kwenye matundu yote ya misumari, nao wanapiga kelele mpaka majirani wanasikia. Juzi mwanangu wa kwanza alikuja, akatazama, akasema ataniletea jipya, hilo tulitupe.

Nikamwambia aliache hapohapo. Hilo bati nililipwa.